Farasi wa Lorna

Mwaka ule kila mtu pale Marlesby alikuwa na lake la kusema kuhusu kufungwa kwa uwanja wa burudani wa Garrod, isipokuwa Garrod mwenyewe. Mzee Amos Garrod alikuwa amenuna tangu Pasaka. Alikaa katika kibanda chake cha tiketi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, akiuza tiketi za mashine ya farasi, ile ya farasi wa mbao wanaozunguka na watoto mgongoni, na mtu akisimama kumpa pole alimwambia asogee, kuna foleni. Mara nyingine nyuma ya mtu huyo hapakuwa na kitu ila upepo wa bahari na mbwa wa jirani.

Aliyeuza uwanja ni Vernon, mtoto wa dada yake aliyeachiwa kuuendesha, na tusimseme sana Vernon, maana alivumilia. Zamani watu wa viwandani walishuka kwenye treni kila Julai, baba, mama, watoto na masanduku yao, wakajaa pwani ile wiki nzima hata mvua ikinyesha. Sasa wanapanda ndege kwenda Uhispania na kurudi wamebabuka migongo, wakisifia jua. Reli ya mbao, ile ya kupanda na kushuka vilima, iliyokuwa na mshika breki wake aliyesimama katikati ya mabehewa akivuta mpini kwa mikono miwili, ilikuwa imefungwa kwa kuoza. Treni ya mizimu, ile ya kutishia watu gizani, ilibaki na mifupa ya bandia ya watu wawili na popo mmoja asiye na bawa. Magari ya kugongana yalishauzwa. Pale uliposimama mnara wa kuteleza, watoto wakishuka wamekalia mikeka ya katani na kupiga mayowe, palikuwa na duara la nyasi za njano. Mahali pote pangejengwa nyumba za wastaafu. Mashine ya farasi ilinunuliwa na tajiri mmoja wa upande wa pili wa nchi, mkusanyaji wa vitu vya kale, na lori lingekuja kuichukua Jumatatu, baada ya Jumapili ya mwisho ya msimu.

Jumanne ya wiki hiyo, Amos akinywa chai mlangoni mwa gari lake la kulala, Vernon alimletea habari. Lorna alikuwa amepiga simu. Anakuja Jumapili, yeye na mjukuu wake.

Amos aliweka kikombe chini. Lorna ni binti yake, mtoto wake wa pekee, na simu zake zilikuwa chache kiasi kwamba kila moja ilimshtua kama simu ya msiba.

"Anataka nini?"

"Anataka mtoto ampande farasi wake kabla hajaondoka. Anasema amemsimulia habari za huyo farasi tangu ananyonya." Vernon alijikuna shingo. "Hivi ni yupi, Mjomba? Nimezunguka mashine nzima, simwoni."

"Huna macho," Amos alisema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Vernon alikuwa na macho mazuri tu. Alikulia kwenye uwanja wa baba yake huko kaskazini, akaja Marlesby mtu mzima, kwa hiyo kuna mambo ya nyumba ile hakuyakuta. Farasi wa Lorna hakuonekana kwa sababu hakuwapo tena kwa jina hilo. Jina lilifutwa, na aliyelifuta ni baba yake Lorna.

Mashine ile ililetwa na Ezra, babu yake Amos, aliyekuwa akizunguka nayo kutoka gulio hadi gulio, ikivutwa na injini ya mvuke, mpaka kiangazi kimoja cha mvua kubwa magurudumu yake yakanasa kwenye mchanga wa Marlesby. Ezra alisema kama Mungu hataki aondoke, basi haondoki. Akakodi ardhi ile ya vilima vya mchanga, akaweka uzio, na baada ya miaka akaongeza reli ya mbao na mengine yote. Lakini farasi walikuwa wa kwanza, na farasi ndio waliokuwa ukoo wenyewe. Kila Garrod aliyezaliwa aliandikwa jina lake kwenye shingo ya farasi mmoja, kwa herufi za dhahabu, na kila mke aliyeolewa vilevile. Farasi wengine waliobaki waliitwa Sultani, Kapteni, Jemadari, lolote lililomjia mpakaji kichwani, na kila wakipakwa rangi upya walibadilishwa. Majina ya ukoo hayakuguswa. Ezra alikufa, jina likaendelea kuzunguka. Reuben, kaka yake Amos, alizama na meli yake vitani, na farasi wake aliendelea kubeba watoto wenye mikono inayonata sukari. Hettie, mke wa Amos, naye alikuwa kaburini, na bado alizunguka kila siku safu ya katikati. Kufutwa lilikuwa jambo ambalo hakuna maiti aliyefanyiwa.

Na kosa la Lorna lilikuwa nini? Aliolewa mwezi wa Agosti.

Mtu wa nje atacheka. Lakini watu wa maonyesho hawaoi Agosti, hawabatizi Agosti, na kama ingewezekana wasingekufa Agosti. Mambo yote ya moyo husubiri majira ya baridi, mashine zikiwa zimefunikwa na turubai. Kiangazi ni cha kazi. Wiki chache zile hulisha mwaka mzima. Lorna alijua hayo kuliko mtu yeyote. Lakini Colin wake alikuwa baharia wa kijeshi, kijana mpole aliyekulia katika nyumba ya matofali, na likizo yake iliangukia Agosti, na baada yake kulikuwa na safari ndefu. Wakapanga Jumamosi, kanisani, mwendo mfupi tu kutoka uwanjani. Lorna alimwomba baba yake saa moja. Amos alisema ataona.

Siku yenyewe Hettie alikuja kibandani amevaa kofia yake ya buluu, amejipaka poda mpaka masikioni. Akasema, "Amos, twende. Kengele imeshalia."

Amos aliinua macho, akaona watu wamejipanga kutoka kibandani mpaka kwenye duka la samaki na chipsi. "Nendeni," alisema. "Kuna foleni."

Na kweli ilikuwapo. Ndilo lililomtesa zaidi baadaye, kwamba hakusema uongo. Lorna alikwenda madhabahuni ameshikwa mkono na mama yake, na nyimbo za kinanda cha mashine zilisikika mpaka kanisani. Hakuja kuaga. Wakahamia bandari ya mbali ya kusini, na majira ya baridi yalipofika, Amos akiwa bandani na makopo yake ya rangi, amekasirika kwa hasira ya mtu anayejua kwamba amekosa, alichovya brashi na kulipaka jina la binti yake rangi nyeupe. Hettie alilia, kisha akamwambia kwamba hatamweleza Lorna kamwe, na asidhani anamstiri yeye, anamstiri mtoto. Hakumweleza mpaka akafa. Lorna alikuja mazishini, Januari, farasi wamelala bandani chini ya turubai, akapeana mkono na baba yake, akarudi kwake na treni ya jioni.

Kwa hiyo Lorna hakujua. Karibu miaka thelathini alikuwa akimsimulia binti yake, na sasa mjukuu wake, kwamba kule Marlesby kuna farasi anayezunguka na jina lake.

Jumatano asubuhi, kabla uwanja haujafunguliwa, Amos alipanda jukwaani na brashi, kopo dogo na vijikaratasi vya dhahabu. Hapo ndipo alipokutana na tatizo ambalo halikuwahi kumpitia akilini. Hakumbuki ni yupi.

Alizunguka safu ya nje, akazunguka ya katikati, akazunguka ya ndani. Farasi wote walimtolea meno. Asingeweza hata kukwangua rangi kutafuta jina la chini, kwa sababu majira fulani ya baridi walichoma rangi zote kwa moto wa gesi mpaka kwenye mbao na kuanza upya. Alikuwa amefuta kazi safi. Alikaa ukingoni mwa jukwaa, mzee wa miaka sabini na tisa, akajilazimisha kumwona tena Lorna, mtoto mwenye misuko miwili ya nywele na soksi zilizoshuka. Alimwona akicheka. Alimwona akilamba pipi. Alichokalia hakukiona, kwa sababu kila alipompita pale kibandani yeye alikuwa anahesabu chenji.

Mwishowe alijiambia lazima farasi huyo awe safu ya nje, la sivyo asingemwona kabisa, na lazima awe mweupe, maana Hettie alipenda weupe. Mweupe wa nje asiye wa ukoo alikuwa Kapteni, mwenye mawaridi mekundu kifuani. Amos akamfuta Kapteni. Kwa asubuhi tatu aliandika LORNA, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia. Vernon alipita akauliza mtu anapakaje rangi mali iliyokwisha kuuzwa. Amos akamjibu kwamba farasi haondoki mchafu. Lakini Ijumaa, alipomaliza na kurudi nyuma hatua chache kutazama, alitabasamu, jambo ambalo Vernon alikwenda kulisimulia kwenye duka la chipsi.

Jumapili watu walikuja kama siafu. Watu wa mjini ambao hawakukanyaga uwanja ule miaka kumi walikuja wote kuaga, wengine wakifuta machozi. Wangekuja hivyo kila Jumapili, kusingekuwa na wa kuagwa. Foleni ilifika kwenye duka la samaki na chipsi, kama zamani. Vernon alikuwa katikati ya mashine kwenye injini, kinanda kinanguruma, na Amos kibandani aliuza tiketi huku jicho moja likiwa getini.

Aliwaona wakiingia. Lorna alikuwa na mvi na miwani yenye kamba, na viatu vya mtu anayepanga kutembea. Ilimjia Amos kwamba binti yake sasa ana umri ule ule aliokuwa nao yeye Amos siku ile ya harusi ya Agosti. Kando yake alikuwapo mtoto mwembamba, mwenye misuko miwili ya nywele.

"Hujambo, Baba," Lorna alisema dirishani.

"Sijambo. Huyu ndiye?"

"Huyu ndiye Tess. Tess, mwamkie babu yako mkubwa."

Mtoto aliamkia, kisha akauliza palepale farasi yuko wapi. Amos alinyoosha kidole. Mashine ilikuwa inapunguza mwendo, na LORNA alikuja taratibu na mawaridi yake, dhahabu ikiwaka, akasimama karibu kabisa na ngazi, kana kwamba alipangiwa. Tess alipiga makofi, akakimbia. Amos alimtazama binti yake usoni na kuona uso umelainika, na akajiambia, basi, imekwisha, nimepona.

Lorna alipanda nyuma ya mtoto. Alisoma jina, akaligusa herufi moja moja. Kisha akafanya jambo ambalo Amos hakulielewa. Alimtia yule farasi kidole mdomoni.

Alikitoa. Akakirudisha tena, akapapasa. Halafu akamwambia mtoto asubiri kidogo asipande, akasogea kwa farasi wa pili, akamtia kidole mdomoni. Akaenda kwa wa tatu. Watu waliokuwa wakipanda walimpisha wakidhani mama huyu ana lake kichwani. Alizunguka safu ya nje, akaingia ya katikati, mtoto akimfuata nyuma, na Amos aliuza tiketi bila kuangalia pesa anazopokea. Upande wa mbali wa safu ya katikati, kwa farasi wa kijivu aliyeandikwa JEMADARI, kidole cha Lorna kilisimama. Alikaa hivyo muda, ameinamisha kichwa. Kisha akambeba mtoto, akamkalisha juu ya yule wa kijivu, akashuka na kuja kibandani.

"Alivunjika ulimi," alisema. "Nilikuwa namlisha pipi ya kijiti, nikaisukuma, ulimi ukakatika. Nilikuwa na miaka minne. Mama aliunganisha kwa gundi na unga wa mbao, tukakuficha. Ulikuwa mkali kwa farasi wako."

Mtu aliyekuwa mbele ya foleni alijifanya anatafuta sarafu.

"Labda mlichanganya majina mlipopaka upya," Lorna alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na Amos alielewa kwamba anafunguliwa mlango, na kwamba akiupita kila mtu ataenda nyumbani salama. Lakini alimjua aliyeufungua. Lorna alizaliwa katika ukoo ule. Alijua majina hayachanganywi.

"Nililifuta," Amos alisema. "Majira ya baridi yale yale. Hili nimeliandika wiki hii. Sikukumbuka ni yupi."

Lorna alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu yake. Haikuwa na uchafu wowote. "Yaani miaka yote hii," alisema. "Nikiwa na siku mbaya nilikuwa najiambia, kule pwani bado wananizungusha."

"Mama yako alikataa kukuele..." Alianza na kushindwa. "Nisamehe, Lorna."

Lorna alitazama mashine, akamtazama mtoto aliyekuwa akimpungia mkono kutoka upande wa pili, akashusha pumzi. Moyo wake, sijui aliutoa wapi, si kwa baba yake.

"Basi panda na sisi," alisema. "Raundi moja. Sijawahi kukuona umepanda hata siku moja. Njoo ukae karibu na Tess."

"Kuna foleni," Amos alisema.

Maneno yalitoka yenyewe. Alikuwa ameyasema maisha yake yote kwa wenye pole, kwa wachuuzi, kwa wakaguzi, kwa mkewe aliyevaa kofia ya buluu, na ulimi wake uliyatoa kabla yeye hajafika. Aliyasikia yakipita dirishani. Akamwona Lorna naye akiyasikia. Hakukasirika, angekasirika ingekuwa nafuu. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeulizia bei ya kitu huku akiijua, akarejea jukwaani.

Amos aliinuka. Mlango wa kibanda ulikuwa na komeo la chini lililoshika kutu, na vidole vyake vya uzee havikulimudu haraka. Alipotoka nje mashine ilikuwa imeanza. Alimwita Vernon asimamishe, lakini kinanda kiliimeza sauti yake. Ujanani aliweza kurukia jukwaa likiwa kwenye mwendo kamili, mkono mmoja mfukoni, mabinti wakimtazama. Sasa alisimama chini tu, na wao wakampita. Tess alimpungia. Lorna alikuwa amesimama kando ya farasi wa kijivu, mkono kwenye shingo yake, hakugeuka. Juu ya LORNA, mwenye mawaridi, alikuwa amekaa kijana mnene wa watu wasiojulikana, akila chipsi.

Mashine iliposimama Amos alipanda ngazi huku amekishika chuma. Hakuna tiketi iliyokuwa ikiuzwa, na foleni ilikuwa imeanza kunung'unika. Alifika kwa farasi wa kijivu Lorna akimshusha mtoto.

"Nimekuja," alisema. "Nimeiacha foleni. Twende sasa."

"Zamu yetu imekwisha, Baba," Lorna alisema. "Na tuna treni." Alimbusu shavuni, busu la haraka na la kweli, na Tess naye akainua uso wake wenye sukari ili ainamiwe. Kisha wakashuka upande wa getini, wakashikana mikono.

Hakuwafuata. Angewafuata kwa miguu gani? Alishika nguzo ya shaba, akaweka mguu kwenye kikanyagio, na kwa kusukumwa na mama mmoja aliyekuwa nyuma yake, Amos Garrod akakaa juu ya farasi wa binti yake. Aliinama, akatia kidole mdomoni mwa yule farasi. Ulimini ulikuwapo mshono wa gundi, mgumu, kama kovu la mtoto, umekuwapo siku zote hizo.

Vernon alimwona, akapigwa na butwaa, kisha akafungua mvuke kwa sababu watu walikuwa wanasubiri. Kinanda kikaanza. Farasi akapanda, akashuka. Raundi ya kwanza Amos aliwaona wamefika getini, mtoto akirukaruka. Raundi ya pili walikuwa barabara ya pwani, kando ya ukuta wa bahari. Alipita kibanda chake, mlango wazi, kiti kitupu, akakitazama kama kitu cha mtu mwingine. Raundi ya tatu aliona skafu ya Lorna tu, karibu na kona ya stesheni. Iliyofuata barabara ilikuwa tupu, na mashine haikuwa imemaliza kuzunguka.